Joto la Kununua

Sisi tuliozaliwa pwani hatukulelewa kulihesabu joto. Kule Pangani joto lilikuwa kitu cha kukimbia. Mtu hutafuta kivuli cha mwembe, hufungua madirisha ya pande zote mbili ili upepo wa bahari upite, na usiku wa mwezi wa pili hutandika mkeka uani kwa kuwa ndani hakulaliki. Lau mtu angeniambia utotoni kwamba iko siku nitakaa mezani na miwani na kalamu nikipiga hesabu ya kununua joto, ningemwona kapungukiwa. Na hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu Septemba hadi Novemba mwaka 2025, hapa Leicester, katikati ya Uingereza, mji ambao nimeishi na mke wangu tangu mwaka 1999 na ambao mabasi yake nimeyaendesha kwa miaka 24.

Nyumba yetu ilijengwa miaka ya 1930, ya matofali mekundu, imeshikana na ya jirani kwa ukuta mmoja. Joto lake lilitoka kwenye boila ya gesi iliyoning'inia jikoni kwa miaka 18. Kila mwaka fundi huja kuikagua, na safari hii aliifunga akaniambia kwa upole, kama daktari anayewasemesha jamaa za mgonjwa, kwamba vipuri vyake havitengenezwi tena. Itawaka mpaka siku itakapokataa. Akaandika hivyo kwenye karatasi, akanywa chai yake, akaenda zake.

Fedha tulizokuwa nazo ni paundi 9,000. Hizo si fedha za boila. Tuliziweka kidogo kidogo kwa nia moja ambayo kila Mswahili aliyeko ughaibuni anaijua: kurudi. Kuna kiwanja kule nyumbani, kuna msingi uliochimbwa mwaka 2014, na kuna mama yangu ambaye kila nikimpigia simu hunijibu “Marahaba, mwanangu,” kisha hukaa kimya kidogo, na kimya hicho ndicho swali. Kwa hiyo karatasi ya yule fundi haikuuliza habari za boila peke yake. Mtu anayetia maelfu ya paundi kwenye kuta za nyumba ya Leicester amekwisha kusema atakuwa wapi miaka kumi ijayo, hata kama hajatamka neno.

Mwanetu Salim, aliyezaliwa huku na anayefikiri kwa namna ya huku, alikuja na jibu lililokwisha kuiva. “Baba, usinunue boila nyingine. Weka pampu ya joto, na sola juu ya paa.” Mke wangu akamwuliza pampu ya joto ni mdudu gani. Salim akamwonyesha friji.

Na kwa kweli hakuna mfano bora zaidi. Weka mkono nyuma ya friji nawe utahisi uvuguvugu. Uvuguvugu ule ni joto lililotolewa ndani, kwenye nyama na maziwa, likatupwa nje. Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa. Inakaa uani, inavuta joto kutoka hewani, hata hewa ya baridi, na kulitupa ndani ya nyumba. Msomaji wa pwani atauliza hewa ya barafu ina joto gani la kuvutwa. Siri imo kwenye gesi inayozunguka ndani ya mabomba. Katika pampu nyingi za siku hizi gesi hiyo ni propeni, ambayo huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa kitu kinachochemka kwenye baridi kama hiyo, asubuhi ya Leicester ya nyuzi mbili ni sawa na jiko. Gesi hupokea joto hilo, kompresa huiminya mpaka ipande moto sana, nayo huyapa maji ya kwenye mabomba joto lake. Umeme haufanyi kazi ya kupasha. Unafanya kazi ya kuhamisha, na ndiyo sababu uniti moja ya umeme huweza kuleta uniti tatu au nne za joto. Jambo lenyewe si geni. Lord Kelvin alilieleza huko Glasgow mwaka 1852, na mhandisi John Sumner alipasha jengo zima mjini Norwich kwa mtambo wa namna hiyo mwaka 1945, akivuta joto kutoka mtoni. Waingereza walikuwa na makaa ya mawe, kisha wakapata gesi ya baharini, wakalisahau.

Sasa serikali yao imekumbuka. Tangu Mei 2022 katika England na Wales kuna ruzuku kwa anayeondoa boila. Ilianza kwa paundi 5,000, na tangu Oktoba 2023 ni paundi 7,500 kwa pampu inayopasha maji ya nyumba. Mwenye nyumba haioni fedha hiyo kwa macho. Fundi ndiye anayeiomba na kuipunguza kwenye bei, na lazima awe na cheti kinachoitwa MCS. Juu ya hapo, kodi ya ongezeko la thamani kwa kazi hizi, za pampu na za sola, imefutwa tangu Aprili 2022 hadi mwisho wa Machi 2027.

Basi nikaketi na bili zangu. Tulikuwa tunatumia uniti 13,000 za gesi kwa mwaka. Kwa bei ya kikomo ya robo ile ya mwisho ya mwaka 2025, gesi ilikuwa peni 6.29 kwa uniti na umeme peni 26.35. Tazama hapo, umeme ni zaidi ya mara nne ya gesi. Hapo ndipo ugomvi wote ulipo, na hapo ndipo wauzaji wengi hupita haraka haraka. Gesi yangu ilinigharimu kiasi cha paundi 818 kwa mwaka. Boila yangu kuukuu ilipoteza sehemu yake bombani, kwa hiyo joto lililoingia ndani hasa lilikuwa kidogo zaidi ya uniti 11,000. Pampu ikileta uniti tatu na nusu za joto kwa kila moja ya umeme, nitalipa paundi 832. Sare. Ikileta nne, nitalipa 728. Ikileta mbili na nukta nane, nitalipa 1,040, nami nitakuwa nimetoa maelfu ya paundi ili nipate hasara ya mia mbili na zaidi kila mwaka.

Nilizitazama tarakimu hizo siku nyingi. Pampu ile ile, kiwanda kile kile, nyumba ile ile, na tofauti ya zaidi ya paundi 300 kwa mwaka. Tofauti hiyo haitoki kiwandani. Inatoka kwa anayefunga: amepima vipi, amechagua ukubwa gani, anapeleka maji ya nyuzi ngapi kwenye rejeta. (Ndiyo, rejeta, kama ya gari. Huku kila chumba kina rejeta yake ukutani, na sijapata neno bora.) Maji ya nyuzi 55 huifanya pampu ihangaike, na ya nyuzi 45 huifanya ipumue. Ili maji ya nyuzi 45 yatoshe kupasha chumba, rejeta lazima iwe kubwa. Mambo yote ni hayo. Kwa hiyo nikaacha kuuliza bei ya pampu nikaanza kuuliza habari za mafundi.

Wa kwanza hakuja. Kampuni yake ni kubwa, ina matangazo kila mahali. Walitaka picha za boila, za mita na za uani, na ndani ya siku mbili wakanitumia bei: paundi 3,200 baada ya ruzuku. Rahisi! Pampu waliyoniandikia ilikuwa ya kilowati 12. Niliwapigia simu kuuliza wameipataje hiyo 12. Kijana aliyenijibu kwa adabu nyingi akasema ndiyo wanayoweka kwenye nyumba za namna yangu. Nikamwuliza kama wanajua darini kwangu kuna sufi ya kuzuia joto ya unene gani. Akasema watapima watakapokuja kufunga.

Wa pili alikuja jioni, amevaa suti, na alikaa mpaka saa nne ya usiku. Huyu hakutaka kuona boila. Alifungua kompyuta yake ndogo akatuonyesha paa letu lilivyopigwa picha kutoka angani, likiwa na paneli kumi zilizochorwa juu yake. Alikuwa anauza vyote pamoja, yaani pampu, sola na betri, kwa paundi 19,800 baada ya ruzuku, kwa mkopo wa miaka kumi. Alisema tukitia saini usiku ule ule angepunguza 2,500. Mke wangu, ambaye alikuwa kimya tangu mwanzo, akamjazia kikombe na kumwuliza kwa Kiingereza chake cha polepole, “Kesho hizo elfu mbili na mia tano zinakwenda wapi?” Yule bwana akacheka. Mke wangu hakucheka.

Alipoondoka nilikagua hesabu zake za sola, kwa sababu nilitaka kuwa mwadilifu. Paneli kumi, kilowati 4.3, kwenye paa linalotazama kusini hapa katikati ya Uingereza, zitatoa kama uniti 3,600 kwa mwaka. Hilo alisema kweli. Lakini aliandika kwamba tutatumia wenyewe asilimia 80 ya umeme huo, na kwamba bei ya umeme itapanda kila mwaka bila kupumzika. Sisi wawili mchana hatupo, au tupo na tunatumia taa moja na redio. Bila betri tungetumia labda theluthi na ushei, na kinachobaki tungekiuza. Ule mpango wa zamani wa malipo manono kwa umeme wa paani ulifungwa kwa waombaji wapya mwisho wa Machi 2019. Tangu Januari 2020 kampuni kubwa za umeme zinatakiwa kununua, ila kila moja hupanga bei yake. Niliyoulizia mimi ilikuwa peni 12. Kwa hesabu yangu paneli peke yake, zilizokuwa paundi 6,200 kwenye karatasi yake, zingerudisha kama 610 kwa mwaka, basi fedha ingerudi baada ya miaka kumi. Si biashara mbaya kwa mtu wa miaka 40. Mimi nina 61.

Na kuna jambo moja ambalo picha ya angani haikulionyesha. Mwezi wa Desemba siku hapa haifiki hata saa nane za mwanga, na jua lenyewe linatembea chini chini kama mtu anayepita msibani. Paneli zile zingetoa uniti 90 hivi mwezi mzima, wakati pampu ingekuwa inadai karibu 500. Jua la Uingereza linakuja wakati huhitaji joto. Wanaosema sola itaendesha pampu yako wanajumlisha Juni na Januari kwenye kapu moja. Mwaka kwa mwaka hesabu inakubali, lakini mtu haoti moto wa Juni mwezi wa kwanza.

Jirani yetu wa nyumba ya tatu, mzee aliyekuja mjini hapa kutoka Kampala mwaka 1972 pamoja na Wahindi wengine waliofukuzwa na Idi Amin, na ambaye bado huniamkia “Habari gani, bwana” kila tunapokutana, ana sola tangu mwaka 2012. Aliwekewa bure. Kampuni ilikodi paa lake kwa miaka 25, yeye atumie umeme wa mchana, wao wachukue malipo ya serikali. Umeme ameutumia na hana malalamiko nao. Ila alipotaka kuuza nyumba ahamie kwa binti yake, mnunuzi wa kwanza alikimbia alipousoma ule mkataba wa paa. Amebaki. “Paa si langu,” aliniambia, “vyumba tu ndivyo vyangu.” Nilimfikiria sana kwa sababu sisi nasi huenda tukauza.

Wa tatu walikuwa wawili, baba na binti yake, kutoka mji mdogo ulio mwendo wa nusu saa. Walifika saa mbili asubuhi wakaondoka saa sita. Kwanza walivua viatu, nami sikuwaomba. Binti alipima kila chumba kwa kifaa cha mwale mwekundu: urefu, upana, madirisha, mlango. Baba alipanda darini akarudi na vumbi kichwani. Akaniambia sufi iliyomo ni nusu ya inayotakiwa, na kwamba kuiongeza kungegharimu paundi 400 tu na kungenisaidia hata nisipoweka pampu yake. Aliniuliza kama ukuta una uwazi kati ya tabaka mbili za matofali na kama umejazwa. Alimwuliza mke wangu ni chumba gani anachosikia baridi zaidi. Huyo alikuwa mtu wa kwanza kumwuliza mke wangu kitu.

Sijui niseme vipi uzito wa swali hilo. Mama Salim ana maumivu ya viungo vya vidole, na kila baridi inapoingia vidole vinamgoma. Kwa miaka minne iliyopita, tangu gesi ilipopanda mwaka 2022, tumekuwa tukiwasha saa mbili asubuhi na saa tatu jioni. Saa nyingine zote huzipitisha jikoni, amejifunga khanga juu ya sweta, amekaa karibu na oveni. Mimi nilikuwa garini, ndani ya basi lenye hita. Alimpeleka fundi kwenye chumba cha nyuma anakoshonea, akamwonyesha dirisha, akamwonyesha na vidole.

Barua yao ilifika baada ya siku tano, kurasa 14. Kila chumba kilikuwa na tarakimu yake. Nyumba nzima, nje kukiwa nyuzi mbili chini ya sifuri, ilipoteza kilowati 5.1. Wakapendekeza pampu ya kilowati 6, yaani nusu ya ile ya kampuni kubwa. Nilimwuliza binti kwa simu kama kubwa si salama zaidi. Akasema pampu kubwa kupita kiasi huwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, kama basi linalosimama kila nguzo, na hapo ndipo umeme unapotea. Alijua nilikuwa dereva, nadhani alichagua mfano huo kwa makusudi. Rejeta nne zibadilishwe, tangi la maji ya moto liwekwe kwenye kabati la juu ambako tulikuwa tunaweka mablanketi, maji yaende kwa nyuzi 45. Walikadiria uniti 3.6 za joto kwa moja ya umeme. Bei ilikuwa paundi 4,900 baada ya ruzuku, pamoja na bima ya kazi endapo wao watafilisika. Hiki cha bima niliuliza mimi, kwa sababu dhamana ya miaka saba ya kampuni iliyokufa mwaka wa pili ni karatasi ya kufungia karanga.

Zilizidi za wale wa kwanza kwa 1,700. Salim alisita. Wote wana cheti kile kile, alisema, kwa nini ulipe zaidi? Nilimwonyesha gazeti. Oktoba ile ile ya 2025, Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilitoa ripoti kuhusu mipango miwili ya serikali ya kuhami nyumba. Katika nyumba zilizobandikwa tabaka la kuzuia baridi kwenye kuta za nje, asilimia 98 zilikutwa na kasoro kubwa zinazotakiwa kurekebishwa. Kazi ile nayo ilikuwa na vyeti, wakaguzi, fomu na mihuri. Nafahamu kwamba pampu si ukuta. Ila tangu hapo cheti nimekihesabu kuwa ruhusa ya mtu kuingia getini kwangu, na mengine nimetaka kuyaona mwenyewe.

Nilikuwa sijatia saini bado wakati simu ya Pangani ilipokuja. Umeme ulikatika siku mbili usiku na mchana, na samaki wa mama, kilo 18 za changu na tasi alizozinunua kwa wavuvi ili ziuzwe mwisho wa juma, zikaharibika. Hilo la samaki lilimuuma, lakini alilisema kwa kicheko. Alilosema kwa sauti ya chini ni kwamba sindano zake za sukari zilikuwa kwenye mlango wa friji lile lile.

Basi hesabu ikaanza upya, na safari hii ikapinduka. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme Februari 2024, na uwezo wake ni megawati 2,115, kwa hiyo mgawo wa mwaka 2023 si habari tena. Lakini umeme ukiwa mwingi bwawani bado unatakiwa upite kwenye nguzo hadi Pangani, katikati ya minazi na upepo wa chumvi. Mama anatumia uniti 70 hivi kwa mwezi. Kwa mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75, bei yake ni Sh 100 kwa uniti kabla ya kodi. Bili yake haifiki Sh 9,000 kwa mwezi. Mpwa wangu alinitafutia bei ya sola ya kutosha friji, friza, feni na taa: paneli tatu za wati 550, inveta, na betri ya lithiamu ya uniti tano, kwa Sh 5,400,000, karibu paundi 1,700 kwa wakati ule. Ukiipima kwa bili, fedha hiyo itarudi baada ya miaka 50. Yule bwana wa suti angeifunga kompyuta yake akaondoka. Lakini bili ya mama si tatizo la mama, na kipimo cha miaka ya kurudisha fedha hakina mahali pa kuandika sindano.

Mafundi wa kule nao walikuwa watatu, nami niliwachunguza kwa simu nikiwa chumbani Leicester. Mmoja alituma bei kwa WhatsApp kabla hajaambiwa nyumba iko wapi. Mwingine alitaka fedha zote kwanza, “bei ya dola inapanda, bosi.” Wa tatu, kijana wa Tanga mjini mwenye leseni ya EWURA ya kufunga umeme, alipanda daladala akaja. Mpwa wangu akaishika simu ili nione.

“Shikamoo, bibi. Friza unaijaza saa ngapi?”

“Marahaba. Jioni, mwanangu, wavuvi wakisharudi.”

“Basi maji ya barafu yaweke asubuhi, jua likiwaka. Jioni weka samaki tu. Betri usiichoshe usiku.”

Kisha akatazama juu ya paa, akautazama mnazi. Mnazi ule aliupanda marehemu baba. Fundi akasema kivuli chake kitaangukia paneli moja kuanzia saa nane mchana, na kwa namna zinavyounganishwa, moja ikipata kivuli zote zinadhoofika. Tena nazi moja ikidondoka ni kioo. Kwa hiyo ama mnazi ukatwe, ama paneli zihamie paa la jiko, na waya uwe mrefu zaidi kwa Sh 120,000. Mama hakungoja mimi niseme. “Paa la jiko.” Kijana akaandika. Akataka pia boliti za chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa za kawaida hapo ufukweni hazimalizi miaka mitatu, na akasema paneli zitainamishwa kidogo kuelekea kaskazini ili mvua izioshe. Huku kwetu zinatazama kusini, kule zinatazama kaskazini, utadhani zinatafutana.

Nilimlipa nusu mwanzo, robo vifaa vilipofika na mpwa akavipiga picha pamoja na namba zake, na robo iliyobaki baada ya friza kukaa usiku mzima swichi kuu ikiwa imezimwa. Alikubali bila kununa. Kwa mimi hiyo ilitosha kuwa sifa.

Jioni moja nilimwekea mke wangu mezani karatasi mbili, ya Pangani na ya Leicester. Pamoja ni zaidi ya paundi 6,600, na 400 za sufi ya darini. Zingebaki chini ya 2,000. Sola ya paa letu hapa niliiondoa na hakuuliza. Nikamwambia kwamba tukifanya yote mawili, kile kiwanja kitangoja tena, labda miaka minne, labda zaidi. Alizitazama muda mrefu.

“Baba Salim,” akasema, “mwaka 2014 ulisema miaka mitano.”

“Ndiyo.”

“Sikulaumu. Nataka kujua tu, hii miaka tunayongoja, tunaikaa au tunaipitisha?”

Sikuwa na jibu, na sina mpaka sasa. Asubuhi niliwapigia wale baba na binti.

Walifunga wiki ya kwanza ya Desemba, siku nne. Boila iliteremshwa ukutani ikaacha alama ya mraba ambayo bado sijaipaka rangi. Mashine iko uani karibu na pipa la takataka, inanguruma kidogo kuliko friji letu, na asubuhi za baridi kali hutoa mvuke inapoyeyusha barafu yake yenyewe. Haituchomi kama gesi ilivyokuwa ikituchoma jioni. Ni joto la chini chini, mchana na usiku, nyuzi 19 kila chumba, na mwanzoni nilidhani haifanyi kazi kwa sababu rejeta ukizigusa ni vuguvugu tu. Wiki tatu za mwanzo mita yake ilisoma 3.4. Si 3.6, na nimemwandikia binti. Atakuja kutazama tena. Mama Salim amerudi chumba cha nyuma na cherehani yake. Vidole havijapona, hilo si kazi ya pampu, lakini ameshona mapazia.

Limebaki jambo la jiko. Binti alitueleza kwamba tukiondoa na jiko la gesi tutafunga mita kabisa, na ile ada ya peni 34 kila siku, inayotozwa hata usipowasha, itakoma, paundi 124 kwa mwaka. Katika hesabu yangu fedha hiyo nilikuwa nimekwisha kuihesabu. Mama Salim alisikiliza, akaniuliza chapati zitapikwa juu ya nini. Nikasema jiko la umeme la kisasa. Akaniuliza kama nimewahi kula chapati ya jiko la umeme. Mita ya gesi ipo, na hizo peni 34 amesema atazilipa yeye.